Wanasheria wa Kanisa wa Marekani hukutana kila mwaka hadharani: je, na sisi tufanye hivyo?

Mlei wa Mwenge

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba tujadili jambo hili kwa utulivu. Chama cha wanasheria wa Kanisa Katoliki nchini Marekani, kilichoanzishwa Washington mwaka 1939, hufanya mkutano wake mkuu kila mwaka, kwa kawaida mwezi Oktoba, mwaka huu mji huu na mwaka ujao mji mwingine. Huadhimisha Misa, husikiliza mada, hupigia kura maazimio, humpa tuzo mtu aliyelitumikia Kanisa kwa njia ya sheria, na baadaye mada hizo huchapishwa kitabu ambacho hata asiye mwanachama anaweza kukisoma. Waliomo si mapadre peke yao. Wamo watawa wa kike na walei, wake kwa waume, waliosomea fani hiyo.

Hoja yangu ni hii: majadiliano ya sheria zinazogusa ubatizo wetu, ndoa zetu na mali za parokia zetu yafanyike wazi namna hiyo hapa kwetu, kwa Kiswahili, na sisi walei tukaribishwe angalau kusikiliza, au ni mambo ya kuwaachia maaskofu na mahakimu wao? Kanuni ya 212 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba waamini wana haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao kuhusu mema ya Kanisa. Mtu atatoaje maoni juu ya jambo ambalo hajawahi kulisikia likijadiliwa?

Katekista Mstaafu

Milele, amina. Kabla ya kuiga, ndugu yangu, tuwatazame tunaotaka kuwaiga. Hao unaowasifu ndio walioigeuza mahakama ya Kanisa kuwa kiwanda cha talaka. Kabla ya mwaka 1970 Marekani nzima ilitangaza ndoa mia chache tu kuwa batili kwa mwaka; mwanzoni mwa miaka ya 1990 hesabu hiyo ilikwisha kupita 60,000. Kisha mwaka 2016 Papa Fransisko naye akaulegeza utaratibu, na sasa hukumu moja inatosha. Hayo yote yalipikwa kwenye mikutano ya hotelini. Sisi tulifundishwa kwamba alichokiunganisha Mungu, mwanadamu asikitenganishe, na hatukuhitaji ukumbi wenye viyoyozi ili tulielewe neno hilo.

Mama Kolumba

Shikamoo, Katekista. Mimi ni mmoja wa bidhaa za kiwanda hicho, kwa hiyo niruhusu nikueleze mitambo yake inavyofanya kazi.

Naishi Marekani na nilifungua shauri langu hukuhuku. Nilipewa maswali ambayo hata mama yangu mzazi hajapata kuniuliza: nani alikuwapo nilipokubali posa, tulizungumza nini kuhusu watoto kabla ya harusi, ni lini nilianza kushuku. Ndugu yangu wa kiume alihojiwa kama shahidi, na rafiki wawili wa mwenzangu wakaeleza yale aliyowaambia wiki chache kabla ya ndoa, kwamba hatazaa nami kamwe na kwamba angenificha hilo hadi nichoke kuuliza. Katika mahakama hiyo yupo mtu aitwaye mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye kazi yake ni kutafuta kila sababu ya kuonyesha kwamba ndoa ni halali. Naye aliifanya kazi hiyo barabara, kiasi kwamba nilipoyasoma maelezo yake nilidhani nimeshindwa. Usiku ule sikulala. Ukisema kiwanda, mtu atadhani niliingia mlango mmoja nikatokea mwingine na cheti mkononi.

Kijana wa Kibosho

Pole sana, mama. Nauliza tu, bila nia mbaya: ikiwa Kanisa linasema ile haikuwa ndoa, basi watoto waliozaliwa humo tuwaite watoto wa nini?

Mama Kolumba

Kijana, kama ungesoma nilichoandika ungejua kwamba sikujaliwa mtoto katika ndoa ile, na kwamba hilo ndilo lililokuwa shauri lenyewe. Umeruka maumivu yangu yote ukatua kwenye mtego uliokuwa umeutega. Swali lako limewatukana wanawake wengi wanaosoma hapa kimyakimya, na wanao wao wakiwa wamelala chumba cha pili.

Padre wa Ughaibuni

Wapendwa, natumika katika parokia moja nje ya nchi na nimewahi kusaidia kazi za mahakama ya jimbo, kwa hiyo nitajibu kwa ufupi yale yanayojibika.

Kwanza, watoto. Kanuni ya 1137 iko wazi kabisa: waliozaliwa katika ndoa halali, au katika ndoa iliyodhaniwa kuwa halali, ni watoto halali. Hukumu ya ubatili haiwagusi.

Pili, Katekista, barua ya Papa Fransisko kuhusu mashauri haya ilitolewa Septemba 2015 na ikaanza kutumika tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, si 2016. Ni kweli kwamba iliondoa ulazima wa hukumu ya pili inayolingana na ya kwanza, lakini haki ya kukata rufaa imebaki, na mtetezi wa kifungo anaweza kuitumia.

Tatu, idadi uliyoitaja haikupikwa hotelini. Maaskofu wa Marekani waliomba, na Kiti Kitakatifu kikawapa, taratibu maalumu zilizoanza Julai 1970. Chama hicho cha wanasheria kilishiriki kuziandaa, sikatai. Ziliruhusu hakimu mmoja pale palipohitajika watatu, na zikatumika hadi Sheria mpya ya Kanisa ilipoanza kufanya kazi Novemba 1983. Tangu miaka ile ya 1990 mashauri yamepungua kwa zaidi ya nusu, na sababu mojawapo ni kwamba hata wanaofunga ndoa kanisani wamepungua. Hata hivyo hofu yako haikutoka hewani, kwa sababu Papa Yohane Paulo wa Pili mwenyewe aliwaonya mahakimu wa Rota, mahakama ya Papa kule Roma, mwaka 1987 kwamba kinachobatilisha ndoa ni mtu kutoweza kabisa kukubali na kuishi ndoa ya kweli, wala si ugumu wa maisha ya ndoa. Tatizo ni kwamba wazee wetu wa katekisimu walifundishwa nusu ya jambo, nao wakaifundisha nusu hiyo kwa ukali wote.

Katekista Mstaafu

Padre, nakuheshimu kwa daraja ulilopewa, lakini hiyo «nusu» umenitupia mbele za watu na sitaiacha ipite. Nimewaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza nikitembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, wakati mapadre wakifika huko mara chache kwa mwaka, na inawezekana kabisa kwamba kati ya watoto hao wapo wenzako mnaosoma nao Misa leo. Kama tulifundisha nusu, basi tulipewa nusu. Aliyekuwa na nzima alikuwa wapi? Kwa nini hakutuletea?

Mlei wa Mwenge

Mzee wangu, umeniunga mkono bila kukusudia. Mwenye nzima ndiye nimtakaye atoke aseme mbele yetu.

Katekista Mstaafu

Sikukuunga mkono. Namjibu Padre.

Bi. Lisensia

Nami nina la kumjibu Mlei wa Mwenge, kwa sababu kuna neno moja kwenye hoja yake linalonichoma kuliko viwanda vya Katekista. Anaomba walei tukaribishwe «angalau kusikiliza». Mimi ni mlei, nina lisensia, yaani shahada ya juu, ya sheria za Kanisa, na sikuisomea ili niketi kiti cha nyuma. Kanuni ya 1421 iliruhusu tangu mwaka 1983 mlei kuwa mmoja wa mahakimu watatu, kwa idhini ya Baraza la Maaskofu, na kanuni ya 1673 kama ilivyorekebishwa mwaka 2015 inaruhusu wawili kati ya watatu wawe walei, mradi rais wa jopo awe kleri, yaani mwenye daraja takatifu. Ukienda kwenye mikutano hiyo ya Marekani utawaona walei na watawa wa kike wakitoa mada, na maaskofu wakiandika kwenye daftari. Sisi bado tunaomba ruhusa ya kusikiliza! Fani hii si ya pembeni hata kidogo; Papa Leo wa 14 mwenyewe ana udaktari wa sheria za Kanisa, na kabla hajawa askofu aliwahi kuongoza mahakama ya Jimbo Kuu la Trujillo, Peru.

Kijana wa Kibosho

Dada, hongera kwa lisensia, lakini hakuna aliyetaja fedha. Mikutano ya kila mwaka hugharamiwa na nani? Tuna zaka, tuna mchango wa jengo, tuna harambee ya nyumba ya mapadre, na jumuiya bado inadai ya msiba wa mwezi uliopita. Mkiongeza bahasha ya wanasheria, mimi nitahamia kigango kisicho na barabara.

Mama Kolumba

Huku wanachama hulipa ada zao wenyewe, Kijana, na majimbo mengi yalifuta hata ada za mashauri baada ya barua ile ya 2015. Leo naona umeuliza swali la maana.

Msomaji Kimya

Samahanini nikiwatoa kwenye mada. Nilipeleka ombi langu la maandishi kwenye mahakama ya jimbo ambalo sitalitaja, nikajibiwa kwa mdomo tu kwamba nitaitwa. Masika yamekuja yakapita na sijaitwa. Je, nikipata hukumu ya Kanisa, bado nitahitaji kwenda mahakama ya serikali? Na je, mtu kama mimi anaruhusiwa kudai?

Bi. Lisensia

Kwa la serikali, ndiyo, utahitaji. Hukumu ya Kanisa haivunji ndoa iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Huko kuna utaratibu wake, kuanzia baraza la usuluhishi.

Kwa la Kanisa, kanuni ya 1453 inataka shauri lisizidi mwaka mmoja katika mahakama ya daraja la kwanza. Na kuna kanuni ya 1506 ambayo watu wengi hawaijui: hakimu asipotoa uamuzi wa kulipokea au kulikataa ombi ndani ya mwezi mmoja tangu liwasilishwe, mhusika anaweza kumtaka atimize wajibu wake, na akinyamaza tena, baada ya siku 10 ombi huhesabiwa kuwa limepokelewa. Hilo halihitaji kujuana na mtu.

Mlei wa Mwenge

Na hili ndilo nilitaka lisemwe ukumbini, kwa Kiswahili, milango ikiwa wazi.

Katekista Mstaafu

Likisemwa milango ikiwa wazi, jimbo lenye hakimu mmoja na karani wa kuazima litapokea maombi ambayo halitaweza kuyasoma, na utakuja hapa kulalamika kwamba yamechelewa. Mama Kolumba, marahaba, sikuwa nimekuitikia.

Msomaji Kimya

Ahsante, dada. Hizo siku 10 zinaanza kuhesabiwa lini, tangu nilipopeleka ombi la kwanza?

Bi. Lisensia

Hapana, tangu utakapowasilisha hilo dai la pili. Liandike, litaje ombi la kwanza na tarehe yake, lipeleke mwenyewe ofisini, na usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikuambia uache tu mezani, kaa.