Naomba ushauri: kuhamisha maandishi ya majedwali ya Word kwenda Excel bila kuyavuruga

KatibuArua:
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni katibu wa chama cha kuweka na kukopa hapa Arua. Orodha ya wanachama wetu imeandikwa katika majedwali ya Word: jina, simu, kijiji, hisa kwa shilingi na maelezo. Kamati sasa inataka kila kitu kiwe kwenye Excel, lakini ninaponakili na kubandika, mwanachama mmoja hutawanyika kwenye mistari mitatu, na namba za simu hupoteza sifuri ya mwanzo. Je, kuna njia nyingine zaidi ya kuchapa upya?

FundiMbale:
Ndugu katibu, tengeneza nakala ya faili kwanza. Bofya ndani ya jedwali, fungua «Layout» ya jedwali (si ile ya ukurasa), kisha «Convert to Text». Utaulizwa seli zitenganishwe kwa alama gani. Chagua Tab, na koma uiepuke kabisa, kwa sababu hisa za 1,500,000 zitakatwa vipande vitatu.

KaraniGulu:
Ushauri wa Fundi ni sahihi, ila hautibu mistari iliyotawanyika. Chanzo chake ni Enter iliyobonyezwa ndani ya seli: kwa Word hizo ni aya mbili za seli moja, lakini Excel huipa kila aya mstari wake. Kwa hiyo, kabla ya kunakili, teua jedwali lote, bonyeza Ctrl+H (tafuta na badilisha), tafuta ^p, yaani alama ya aya, na weka badala yake alama isiyotumika popote katika orodha, kwa mfano ##. Usiogope kwamba jedwali litavunjika, kwani alama ya mwisho wa seli si alama ya aya na haiguswi. Word ikikuuliza kama iendelee na sehemu nyingine ya waraka, kataa. Aliyechapa kwa Shift+Enter ameacha ^l, yaani alama ya kukata mstari, hivyo rudia zoezi kwa alama hiyo pia.

Upande wa Excel, safu ya simu ipe muundo wa «Text» kabla ya kubandika, kisha bandika kwa «Match Destination Formatting», sifuri zitabaki. Mwisho, bonyeza Ctrl+H ndani ya Excel, tafuta ## na katika kisanduku cha «Replace with» bonyeza Ctrl+J, yaani mstari mpya ndani ya seli ileile. Kisanduku kitaonekana kitupu, lakini alama imo.

KatibuArua:
Asante sana, dada Karani, simu zimekaa sawa. Limebaki jambo moja: katika faili nyingi, jina la kijiji limeandikwa mara moja katika seli iliyounganishwa kwa wanachama wote wa kijiji hicho, na Excel inalionyesha kwa mwanachama wa kwanza tu.

MwalimuWaKompyuta:
Kama faili ni chache, zitenganishe seli hizo katika Excel, ujaze jina kwa kuburuta chini. Kama ni nyingi, mtafute kijana anayejua Python (lugha ya kuandikia programu) atumie python-docx, maktaba ya programu za kusoma faili za Word, ambayo hupitia jedwali mstari kwa mstari, na kwa seli iliyounganishwa hurudisha maandishi yaleyale katika kila mstari inaofunika, kwa hiyo kila mwanachama atapata kijiji chake. Mwambie aandike matokeo kwa kutenganisha na Tab, kwa sababu aliyokwisha kuieleza Fundi. Faili za zamani za .doc zihifadhi upya kama .docx kwanza, maana maktaba hiyo haizisomi.