Mdogo wangu yuko Muscat, bosi kashika paspoti na mshahara hautoki. Ubalozi unaweza kusaidia nini?

KijanaWaNgamiani

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, na utani tuuweke pembeni kidogo.

Mdogo wangu wa kike alikwenda Oman mwaka jana kufanya kazi za ndani. Alipelekwa na wakala wa mtaani, mama mmoja tunayemfahamu hapa Tanga. Mkataba hatukuuona, tuliambiwa atasaini akifika. Akapitishwa Nairobi, akapandia ndege huko. Mwanzo mambo yalikuwa sawa, akawa anatuma hela. Sasa miezi inapita hajalipwa, paspoti anayo mama mwenye nyumba, simu anapewa usiku tu. Akisema anataka kurudi, anaambiwa arudishe kwanza riyali 700 walizomlipa wakala. Hajapigwa, ila anafanyishwa kazi nyumba mbili, hapo na kwa dada wa huyo mama.

Ubalozi wetu pale Muscat unaweza kwenda kumchukua? Watamkataa kwa kuwa hakupitia serikalini? Atoroke au avumilie? Bi mkubwa presha imepanda, nyumbani hapakaliki.

Mtemi_wa_Kijiwe

Ubalozi? Labda kama shemeji yenu ni waziri. Pole mkuu.

BintiWaRuwi

Mpuuze huyo hapo juu. Mimi naishi huku Muscat na nimewasindikiza akina dada ubalozini. Wengine walifanikiwa, wengine mambo yalikwama, kwa hiyo nakueleza yote mawili.

Kwenda kumchukua nyumbani, hapana. Hilo liondoe kichwani mapema usije ukapoteza muda kugombana nao kwenye simu. Afisa wa ubalozi hana mamlaka ya kuingia nyumba ya Mwomani na kumtoa mtu. Anachoweza ni kumpigia kafili (mwajiri aliyemdhamini viza), kumwita ofisini, na akikaidi kulipeleka suala Wizara ya Kazi au polisi. Usiidharau hiyo simu. Kuishikilia paspoti ya mfanyakazi bila ridhaa yake hakuruhusiwi huku, na makafili wengi wanalijua hilo vizuri. Nimeshaona paspoti "iliyopotea" ikapatikana jioni ile ile.

Sasa kutoroka. Hapa ndipo dada zetu wengi wanapoharibikiwa. Akitoka bila kumwambia mtu, kafili anawahi polisi na kuripoti kwamba mfanyakazi wake katoroka. Kuanzia hapo mdogo wako ndiye anayetafutwa, na dai lake la mshahara linapoa. Wengine wanaongezea kwamba kaiba dhahabu, sasa inakuwa kesi ya jinai. Kwa hiyo aanze kuwasiliana na ubalozi akiwa bado yuko ndani, ili kuwe na kumbukumbu kwamba alilalamika kabla ya kutoka. Lakini akipigwa, akinyimwa chakula au mwanaume wa nyumba akianza kumsogelea, hakuna cha kusubiri. Atoke, aende moja kwa moja ubalozini au kituo cha polisi, nawe uwapigie simu muda huo huo. Asiende kwa "dada" yeyote wa mtandaoni anayemuahidi kazi za kutwa. Hao wanawavuna watoto wa watu.

Jambo lingine linalokwamisha sana ni anuani. Ndugu wanapiga simu ubalozini wanasema "yuko Muscat, nyumba nyeupe yenye geti". Nyumba za huku karibu zote ni nyeupe zenye geti! Mwambie usiku akipewa simu akutumie lokesheni ya WhatsApp, jina kamili la kafili, namba yake ya simu, na picha ya bataka (kadi yake ya ukaazi) kama anayo.

WakiliWaMtaani

Niongezee upande wa sheria. Kazi za konseli (afisa wa ubalozi anayehudumia raia) ziko kwenye Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa 1963. Ibara ya 5 inataja kuwasaidia raia wa nchi yake, kuwapa hati za kusafiria, na kuwatafutia uwakilishi mahakamani. Ibara ya 55 inawataka hao hao maofisa waheshimu sheria za nchi waliyopo na wasiingilie mambo yake ya ndani. Ndiyo maana BintiWaRuwi anakuambia hawatavunja mlango.

Kuhusu hofu yako kwamba hakupitia serikalini: raia ni raia. Kupita Nairobi bila mkataba uliohakikiwa kunamnyima ushahidi, hakumnyimi haki ya kusaidiwa. Akiulizwa alifikaje aseme ukweli. Asipowaambia yeye, kafili atawaambia.

Ikitokea amekamatwa, ashike Ibara ya 36. Ana haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe bila kuchelewa, na afisa ana haki ya kumtembelea mahabusu na kumtafutia wakili. Mara nyingi haki hiyo haiji yenyewe, mtu anapaswa kuidai kwa mdomo wake. Marekani iliwahi kushindwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2001 katika kesi ya ndugu wawili Wajerumani, LaGrand, waliohukumiwa kifo Arizona bila kuelezwa haki hiyo. Hukumu ilitoka wenyewe wakiwa wameshanyongwa tangu 1999. Nasema hivi ujue hata nchi kubwa zinaisahau.

Mtemi_wa_Kijiwe

Wakili, "kunyongwa"? Kule si sindano na gesi?

WakiliWaMtaani

Kweli, mmoja sindano, mwingine gesi. Tusitoke kwenye mada.

Mkenya_Riyadh

Pole sana ndugu. Mimi ni Mkenya, niko Saudia, lakini haya mambo yanafanana. Huku angalau kandarasi inaingizwa kwenye mfumo unaoitwa Musaned, kwa hivyo ukilalamika kuna kitu cha kuangalia. Dadako hana karatasi, itabidi mumtengenezee ushahidi kutoka kwa vitu vidogo. Zile risiti za pesa alizowatumia, msizitupe. Zinaonyesha alikuwa analipwa na mwezi gani zilikatika. Sauti za WhatsApp akilalamika zihifadhi kwa simu nyingine pia, maana simu yake ikichukuliwa kila kitu kimeenda.

Na wewe andika barua pepe, simu pekee haitoshi. Simu anapokea mtu, kesho yuko mwingine, hakuna anayejua kilichosemwa. Barua pepe utaituma tena na tena ikiwa na tarehe zake.

Shombe_wa_Chuda

Mnamzungusha kijana wa watu. Ajirekodi video analia, waione watu mtandaoni, kesho serikali yote imeamka. Si tumeshaona?

BintiWaRuwi

Shombe, tafadhali. Oman ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2011, na kurekodi watu ndani ya nyumba yao ni kujitafutia kesi. Akionekana mtoto wa kafili nyuma yake kwenye hiyo video, mambo yamegeuka. Wewe uko Tanga unakunywa kahawa, yeye ndiye atakayelala ndani.

KijanaWaNgamiani

Nashukuru sana wakuu. Video hatutafanya. Je, hizo riyali 700 tulipe? Na ubalozi wanatoa tiketi?

BintiWaRuwi

Tiketi usiitegemee kutoka ubalozini. Wanaweza kumbana kafili alipe, na asipolipa mara nyingi ndugu ndio wanaochangishana. Paspoti isipopatikana watamtengenezea hati ya dharura ya safari, ya kumrudisha nyumbani. Ila hati hiyo inatibu tatizo la paspoti tu. Kama kuna ripoti ya utoro au faini za ukaazi, hizo zinamalizwa na polisi wa huku kwanza.

Riyali 700 usitume hata senti kabla ubalozi haujazungumza na kafili. Hela ile alipewa wakala, si mdogo wako. Nikwambie na ukweli mwingine: wapo waliofika mezani wakaachia mishahara ya miezi miwili ili waondoke. Si haki, lakini mimi nisingemlaumu mtu aliyechagua hivyo.

WakiliWaMtaani

Na huyo mama wakala usimwache. Nenda polisi, taja Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Kumpeleka mtu kwa ahadi ya mkataba asiouona, halafu anafanyishwa kazi bila malipo, ni jambo la kuchunguzwa. Mara nyingi wakala akishaitwa kituoni, anapata ghafla namba ya mwenzake wa Muscat aliyesema hamjui. Andikia pia Wizara ya Mambo ya Nje Dodoma, nakala ya barua ile ile uliyotuma ubalozini.

Msafiri_wa_Khartoum

Nami nichangie kidogo. Nilikuwa mwanafunzi Sudan vita vilipoanza Aprili 2023. Tulitolewa kwa mabasi hadi Ethiopia, tukachukuliwa na ndege ya Air Tanzania. Kilichosaidia ni kwamba kulikuwa na orodha ya majina, watu walijulikana wako wapi. Kwa hiyo hata kama mdogo wako ataamua kubaki Oman kwa bosi mwingine, ubalozi ujue yupo.

KijanaWaNgamiani

Nimeanza kuandika barua pepe. Tatizo namba ya paspoti yake sina, na kopi hatukubaki nayo. Yeye mwenyewe haikumbuki.

BintiWaRuwi

Ingia WhatsApp, tafuta picha ya viza aliyotumiwa kabla hajaondoka. Viza ya Oman inaandikwa namba ya paspoti. Ukiikosa, nenda Uhamiaji mkoa na namba yake ya NIDA, kumbukumbu za maombi yake wanazo.

KijanaWaNgamiani

Nimeipata, alikuwa kamtumia shangazi. Namba inasomeka, na jina la kafili liko hapo chini, kwa Kiarabu na kwa herufi zetu. Naituma barua sasa hivi.

BintiWaRuwi

Ambatanisha na lokesheni. Huku ubalozi haufungui Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumapili asubuhi uwapigie.