Mjadala: Kuacha ubavu wa kompyuta wazi, ni dawa ya joto au tunajidanganya?

MLETA MADA (Mbagala)
Wakuu poleni na joto. Nina kasteshenari kangu huku, mashine nne, zote zile Dell na HP za ofisini zilizotumika, prosesa (ule ubongo wa kompyuta) i5 kizazi cha nne. Tangu Januari ianze moja inakuwa nzito mchana afu inazima, tena mteja akiwa katikati ya kujaza fomu ya mkopo wa chuo, yani aibu tupu. Nimeweka Core Temp, programu ya kupima joto la prosesa, nikaona inagonga nyuzi 97, na hizi prosesa mwisho wake ni 100, zikifika hapo zinajipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Kila ninayemuuliza ananiambia toa ubavu elekezea feni ya mezani maisha yaendelee. Kweli ukipita mtaani mashine kibao ziko uchi. Mi naona hiyo ni kuahirisha tatizo, kava halikuwekwa kwa urembo. Mwenye hoja aje, tusitukanane.

MDAU WA TANDIKA
Kaka mi ubavu wazi mwaka wa tatu huu na sijanunua hata skrubu. Hayo mambo ya kava ni ya watu wenye vyumba vya nyuzi 20. Huku chumba 33, ukifunga kesi ni kama umefunika wali afu ukaupalia makaa juu. Nikitoa ubavu joto linashuka hapohapo naliona kwa macho, sasa unataka ushahidi gani tena?

FUNDI (Mwanza)
Mdau una nusu ya ukweli. Ubavu wazi unasaidia kesi iliyoziba, sasa swali ni kwa nini imeziba. Hizo Dell nyingi zina plastiki kama mfereji, feni inavuta hewa mbele inaipitisha kwenye hitisinki, kile chuma cha mapezi kinachopoza prosesa, inatokea nyuma. Ukitoa ubavu feni inavuta hewa ya popote, na vitu vya pembeni vilivyokuwa vinapata upepo vinakosa. Afu kuna wageni. Mwezi uliopita nimeletewa moja haiwaki, nakuta mjusi juu ya madabodi, ile bodi kuu, kakauka kama dagaa, mkia umelala kabisa kwenye miguu ya kapasita. Mwenye mali naye alikuwa anasifia ubavu wazi hivyohivyo.

Kingine hakuna anayekitaja, pesti, ule uji mzito wa kupitisha joto. Mashine ina miaka kumi, pesti kati ya prosesa na hitisinki imeshakuwa chaki, hata ulete feni ya ndege joto halivuki. Futa ile ya zamani kwa spiriti, weka mpya kama punje ya choroko, usipake kama siagi, kaza skrubu kwa kukatisha kona. Na ukipuliza vumbi kwa blowa shika mapanga ya feni kwa kidole, ukiiacha izunguke ovyo unaua beringi.

MWALIMU (Tanga)
Samahanini naingia kwa mlango mwingine. Shuleni kwetu kamati inabishana, hela kidogo iliyopo inunue AC ya maabara au ilipe fundi asafishe. Mashine 20, kila moja tuseme wati 75, hapo ni wati 1500, ni zaidi ya pasi moja imeachwa inawaka chumbani kutwa nzima na madirisha tumefunga kwa kuogopa wezi. Mkitoa ubavu hilo joto haliendi Pemba, limo humohumo. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, ila chumba kikishuka nyuzi 8 na prosesa inashuka karibu hizo 8. Kwa hiyo mi niko upande wa AC.

MDAU WA TANDIKA
Mwalimu bili ya umeme atalipa nani? Wazazi?

MCHANGIAJI WA NAIROBI
Huku kwetu kesi imefungwa na prosesa haipiti 60, mnasumbuka bure.

FUNDI
Ndugu wa Nairobi wewe unaishi ndani ya friji usituchanganye. Mwalimu, kabla ya AC jaribu feni ya kutolea hewa, ile ya ukutani juu kabisa, hewa moto inapanda inatolewa nje. Na kuna la bure: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows weka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 99, ile turbo, kasi ya ziada ya prosesa, inazima. Wanafunzi wanaochapa barua hawatajua kama kuna kilichopungua.

MLETA MADA
Wakuu nimerudi. Jumapili nimefunga duka nikaifanyia ile mbovu, chumba kikiwa 33 muda wote, mzigo uleule dakika kumi kumi. Imefungwa na vumbi lake 97. Ubavu wazi na vumbi lake 88. Nikasafisha nikaweka pesti mpya, wazi 71, nimefunga 70. Vumbi la kwenye hitisinki lilitoka kipande kizima kama sufi ya mto, watoto wakaanza kulichezea. Ndugu yangu wa Tandika usinune.

MDAU WA TANDIKA
Sinuni, namba nimeziona. Ila wewe uko kwenye lami bana. Mi duka liko barabara ya vumbi, daladala zikipita mbili tu meza imekuwa nyekundu. Hiyo 70 yako nikiifunga mi baada ya miezi miwili ni 90 tena, na kila nikisafisha nifungue skrubu. Wazi napuliza dakika mbili asubuhi nimemaliza.

FUNDI
Hapo nakupa. Basi funga ubavu, mbele pale feni inapovutia hewa bandika kitambaa cha neti laini, uwe unakitoa unakung'uta. Mjusi naye abaki nje.

MDAU WA TANDIKA
Neti nitajaribu. Ila hiyo feni ya ukutani sahau, mwenye nyumba wangu hata msumari hataki.

MLETA MADA
Wa kwangu nimemwambia tundu ni la kupitishia waya wa intaneti. Bado hajauliza waya gani mnene hivyo 😂