Nimekata vigae vya asbesto Raskazone, vumbi nimerudi nalo kwangu

FundiPaa_Chumbageni
Salaam wakuu. Mimi ni fundi paa hapa Tanga, mwaka wa 11 sasa. Wiki mbili zilizopita tulipata kazi Raskazone, nyumba ya zamani sana. Mwenyewe anataka vigae vishushwe, apige bati za msauzi. Ni vile vya kijivu, vinene, vya migongo mipana. Misumari imeliwa na kutu, basi tukavunja kwa nyundo, vilivyogoma nikavikata kwa grainda. Siku 3. Vumbi jeupe hadi kwenye kope, na usoni nina barakoa ya kitambaa iliyobaki tangu enzi za korona.

Siku ya mwisho mzee mmoja akasimama njiani: "Wanangu, mnajua mnachokata? Hiyo asbesto." Mwenye nyumba naye akasema ndivyo hata marehemu baba yake alivyokuwa akiiita.

Kinachoninyima usingizi ni ile ovaroli. Nilirudi nayo nyumbani siku zote 3. Mwanangu ana miaka 2, hunirukia mlangoni kabla sijavua viatu. Mama yake aliikung'uta uani, akaifua pamoja na nguo za mtoto. Sikohoi. Je, nikapige eksirei? Niwapeleke na wao? Halafu majirani wamechukua vipande wakajengee mabanda ya kuku, na vingine tulifukia dimbwi pale getini.

NesiWaKifua
Pole kaka. Eksirei ya leo haitaonyesha kitu. Magonjwa ya asbesto hujitokeza baada ya miaka 10 mpaka 40, hata zaidi. Siku 3 si sawa na mtu aliyelivuta vumbi hilo kiwandani miaka 20, kwa hiyo hatari yako ni ndogo, na ya mkeo na mtoto ni ndogo zaidi. Sikudanganyi kwamba haipo, maana hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mweleze daktari, tarehe na kazi viandikwe kwenye faili lako. Kama unavuta sigara, acha leo hii: sigara na asbesto vikikutana, saratani ya mapafu inakuwa karibu mno.

Ovaroli ilowanishe, ifunge kwenye nailoni mbili, usiivae tena. Nyumbani msifagie pakavu, pigeni deki kwa kitambaa chenye maji.

Kijana_Usagara
Mbona bibi yangu kalala chini ya paa hilo miaka na miaka, yuko fiti?

MzeeWaReli
Mjukuu, bibi yako hakulikata. Kigae kizima kimetulia, nyuzi za asbesto zimeshikwa na simenti. Grainda ndiyo inayoziachia, na ni nyembamba huzioni kwa macho.

Wewe fundi, vilivyobaki juu usiviguse kwa nyundo. Mwagia maji yenye sabuni, kata kichwa cha msumari kwa koleo, shusha kimoja kimoja, mkono kwa mkono, kisirushwe chini. Barakoa iwe FFP3 au P100, zile za kuchuja vumbi laini kabisa; N95 haitoshi, na ya kitambaa haizuii kitu. Waulize OSHA, wakala wa usalama kazini, kuhusu kazi, na NEMC, baraza la mazingira, kuhusu pa kutupa. Na lile dimbwi ndilo linalonitia hofu kuliko nguo zako. Gari zinasaga pale kila siku na watoto wanapita.

FundiPaa_Chumbageni
Shikamoo mzee, asante dada nesi. Sivuti sigara, alhamdulillah. Kazi nimeisimamisha, mwenye nyumba kanuna lakini kakubali kununua barakoa za watu 4. Jana jioni tumelimwagia maji lile dimbwi, tukaokota vipande kwa glavu hadi giza, viko kwenye nailoni nzito. Majirani wawili wamerudisha. Wa tatu, mama mmoja, anasema kuku wake wameshazoea banda. Kesho namchukulia bati mbili za msauzi nikambadilishie mwenyewe.