Niko grupu la tiba ya wasiwasi, wasiwasi umeshuka ila huzuni ndo inapanda, kuna mwingine imemtokea?

mwanagrupu_mpya
Habari zenu wakuu. Niko kwenye tiba ya kikundi ya CBT (tiba ya maongezi na mazoezi ya kubadili namna ya kuwaza na kutenda) kwa ajili ya wasiwasi, tuko watu nane, vikao 12, tumemaliza cha 6. Nilipelekwa kule maana nilikuwa siwezi kuacha kuwaza, yaani nikimaliza kuwazia kazi nahamia kwa watoto, nikitoka kwa watoto naenda kwa afya ya mama, saa nane usiku macho makavu mabega yamekaza. Hayo kweli yamepungua. Ila kuna uzito fulani umeingia, naamka naona siku haina maana, marafiki wakipiga naiangalia simu tu inaita mpaka inakata. Kabla ya kikao huwa tunajaza karatasi mbili, ile GAD-7 ya wasiwasi na PHQ-9 ya huzuni. Ya wasiwasi nilianza na 17 sasa niko 9. Ya huzuni nilianza na 8, wiki iliyopita nimejumlisha nikapata 14, nikaona aibu nikakata nikaandika namba ndogo, maana wenzangu wote walikuwa wanasema wanaendelea vizuri. Sasa hii tiba ndo imeniletea huzuni? Niache nitafute grupu la watu wa sonona, yaani huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa?

bado_napambana
Pole sana ndugu yangu. Usiache. Mi niliacha kikao cha 5 kwa sababu kama hiyo hiyo na nikarudi mwaka mmoja baadae nikaanza moja.

mama_wa_wawili
Imenitokea dada (au kaka, samahani). Mwezeshaji wetu alituambia wasiwasi unatazama mbele, "itakuwaje ikitokea", na sonona inatazama nyuma, "kwanini mimi", lakini kazi ni ile ile ya kuzungusha jambo moja kichwani bila kufika popote, ndo maana mtu mmoja anakuwa navyo vyote viwili na kwenye grupu la wasiwasi karibu kila mara unakuta na watu wenye huzuni. Alafu kuna mtafiti anaitwa Thomas Borkovec, yeye alisema kuwaza kwa wasiwasi ni maneno maneno tu kichwani, na hayo maneno yanatuzuia tusiguse hisia yenyewe. Mimi hilo niliishi. Tulikuwa tunafanya lile zoezi la kuutengea wasiwasi muda wake, nusu saa jioni na daftari, nje ya hapo unauahirisha. Wiki ya tatu nikakaa na daftari langu nikakuta sina cha kuandika kuhusu mama, kalamu iko mkononi, nikaanza kulia kumlilia baba ambaye alikuwa ameshafariki miaka minne na sikuwahi kumlilia, nilikuwa bize kuhofia nani anafuata. Kwaiyo kwangu tiba haikuleta huzuni, ilikuwepo, kelele ndo zilipungua nikaisikia.

sauti_ya_pili
Mama wa wawili amesema vizuri ila mi naomba niongeze tofauti kidogo, si kila huzuni ni ya zamani iliyofichwa. Yangu ilikuwa sonona kamili inayojitegemea, nikajiambia "ni hatua ya tiba itapita" nikapoteza miezi. 14 kwenye PHQ-9 si ndogo, kuanzia 10 wanahesabu ni ya kati na inatakiwa mtaalamu akuangalie. Mimi niliongezewa dawa na niliendelea na grupu lile lile, sikuhama.

nawezesha_vikundi
Naendesha makundi kama haya, na hapa kwenye karatasi naomba unisikilize. Zile namba hakuna mwanakikundi mwenzio anayeziona, ni za kutuonyesha sisi tubadilishe nini. Ukiandika ndogo mimi nitaendelea kukufundisha kuahirisha wasiwasi wakati wewe unahitaji kurudishwa kwenye maisha, kupanga vitu viwili vitatu vidogo kwa siku na kuvifanya hata kama hamu haipo, maana kwenye sonona hamu mara nyingi inakuja baada ya kufanya, haitangulii. Huu uzito unatibika ndani ya grupu hilo hilo, CBT ya wasiwasi mara nyingi inashusha na huzuni, lakini mwezeshaji lazima ajue. Na wale wanaosema "naendelea vizuri" kwenye duara, wengi wananifuata mlangoni wakati wenzao wanavaa viatu, ndo wanasema ukweli.

Sasa nakuuliza waziwazi. Swali la 9, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, ulijibu nini?

mwanagrupu_mpya
Niliweka 0. Ukweli ni 1, "siku kadhaa". Sina mpango wowote, ni ile tu usiku inakuja kwamba bora nisingekuwepo. Sijawahi kumwambia mtu hii, hata mikono inatetemeka kuandika.

nawezesha_vikundi
Asante kwa kusema, na umefanya vizuri kusema. Hayo mawazo wanayapata watu wengi wenye sonona na hayakufanyi kuwa mtu mbaya wala dhaifu. Ila usisubiri kikao kijacho, mpigie mwezeshaji wako leo, umwambie namba ya kweli na hili la swali la 9. Sema hivi hivi ulivyoandika hapa. Na usiku wa leo usikae peke yako, mwambie mtu mmoja wa karibu. Yakigeuka kuwa mpango, au ukiona huwezi kujizuia, nenda idara ya dharura ya hospitali muda huo huo, hata kama ni saa tisa usiku.

mama_wa_wawili
Niko hapa mpenzi. Ukishindwa kuongea kwenye simu mtumie meseji, mi ya kwangu niliandika maneno manne tu, "hali yangu imekuwa mbaya", akanipigia mwenyewe.

sauti_ya_pili
Tupe taarifa tafadhali.

mwanagrupu_mpya
Nimetuma meseji kama mama wa wawili alivyosema, akapiga ndani ya dakika kumi. Nilidhani atanikasirikia kwa kudanganya kwenye karatasi, akasema ile nitakuja nijaze upya tukiwa wawili. Kesho saa tatu asubuhi naenda kumwona, na ataongea na daktari kuhusu dawa kama itabidi. Dada yangu amekuja na begi lake, nimemwambia yote, yuko sebuleni anatandika godoro.

Swali la 9 nitaandika 1.