Naombeni ushauri: maharage ya kuchemsha na nyanya za kopo, kipi kina virutubisho zaidi?

Fundi Gesi: Wakuu, heshima kwenu. Mwenye uelewa wa lishe anisaidie: kati ya maharage ya kuchemsha na nyanya za kopo, kipi kinajenga mwili zaidi? Nyumbani tunabishana wiki ya pili sasa. Majibu ya haraka tafadhali, bila matusi.

Mpwa wa Tukuyu: Maharage gani kwanza? Ya Mbeya huwezi kuyalinganisha na hayo mnayouziwa mjini, yamekaa ghalani mpaka yanalia sufuriani kama kokoto. Sisi bweni tulikula maharage miaka minne, na wadudu ndani, hakuna aliyekufa.

Nesi Mstaafu: Gramu 100 za maharage yaliyoiva zina protini gramu 8 hadi 9 na nyuzinyuzi gramu 6 hivi. Nyanya nzima za kopo, uzito huohuo, protini gramu 1 hivi. Ila zina vitamini C, maharage hayana ya maana. Kopo lako ni nyanya nzima au ile nzito ya kukolezea mchuzi? Na mlaji ni nani?

Fundi Gesi: Ile nzito. Ni familia tu.

Mama Wawili: Familia tu ndiyo mbishane wiki mbili? Kaka, sema.

Fundi Gesi: Haya. Mke wangu ana mimba ya miezi sita. Kliniki wamempima wingi wa damu, 8.6. Vidonge vya damu vinamtapisha, tukaviweka pembeni kwanza. Maharage yanamjaza gesi. Nyanya nyekundu, nikaona zitaongeza damu kama wanavyosema kuhusu rozela. Nimeshachukua katoni mbili kwa jamaa yangu, hazirudishiki. Sijakurupuka, nimefikiria sana.

Babu wa Kiwalani: Fundi Gesi, na mke kajaa gesi 😂

Nesi Mstaafu: Wekundu wa nyanya ni laikopeni, hauhusiani na damu. Mjamzito akiwa chini ya 11 ana upungufu, 8.6 si ya kuchezea. Kesho rudini kliniki mkaseme vinamtapisha, wao ndio wataamua cha kufanya. Chakula peke yake hakitoshi hapo. Maharage yana madini chuma, ila mwili huyachukua kidogo. Vitamini C husaidia, chai juu ya chakula huzuia. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, gesi itapungua. Nyanya zitie yakishaiva, ukali wake huyafanya yagome kulainika.

Mama Wawili: Na magadi je? Mimi bila magadi mkaa wote unaishia kwenye maharage.

Nesi Mstaafu: Magadi yanaharibu vitamini B1, mama. Loweka.

Mzee wa Uchunguzi: Wakuu, mmeingizwa mjini. Katoni mbili, "jamaa yangu"... kesho ataweka bei na namba ya simu. Hii ni chai, na nesi ameshasema chai inazuia madini.

Mpwa wa Tukuyu: Hata mimi nilinusa. Weka picha ya katoni.

Fundi Gesi: Picha ya nini? Siuzi kitu. Nesi, nikimpa vijiko viwili vya ile nyanya asubuhi kabla hatujatoka, si haina neno?

Nesi Mstaafu: Hajameza vidonge siku ngapi?

Fundi Gesi: 19. Mama mkwe ndiye anayehesabu.

Nesi Mstaafu: Mpe huyo mama mkwe simu.