Kiuno chembamba cha mtunisha misuli: ni cha kuzaliwa au cha mazoezi?

Mleta mada

Wakuu, naomba tuijadili hii kwa uzito. Wiki iliyopita, pale ninapopigia chuma, kijana mmoja alikatazwa skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni) kwamba zitamharibia kiuno. Badala yake akapewa dambeli ya kilo 20 ya kuinamia ubavuni, seti tano, ili "achonge kiuno". Niliumia, maana naamini ameelekezwa kinyume kabisa.

Nianze na mfupa. Upana wa nyonga na wa mbavu za chini tunaurithi, na mtu akishamaliza kukua hakuna mazoezi ya kuubadilisha. Hata nafasi iliyo kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga ni ya kuzaliwa: mwenye nafasi ndefu kiuno chake kinaingia ndani, mwenye nafasi fupi kiwiliwili kinashuka wima kama gogo. Mafuta nayo yana urithi wake. Mwaka 1990 watafiti wa Quebec, Kanada, walitoa matokeo ya jaribio la jozi 12 za mapacha wa kufanana, vijana wa kiume. Waliwalisha kalori 1,000 za ziada kwa siku, kwa siku 84. Kwa wastani waliongezeka kilo 8.1, lakini yupo aliyeongezeka 4.3 tu na yupo aliyefika 13.3. Pacha alifanana zaidi na pacha mwenzake kuliko na wengine, hasa kwa mafuta yanayojificha ndani ya tumbo. Chakula cha ziada kilikuwa kilekile, matumbo yakawa tofauti.

Sasa tuje kwenye mazoezi. Mwaka 1984 wanaume 13 walipigishwa sitapu (kulala chali na kuinua kiwiliwili) 5,004 kila mmoja kwa siku 27. Chembe za mafuta zikapimwa tumboni, mgongoni na makalioni, na zilikuwa zimepungua kwa kiasi kilekile kote. Mwili huchota mafuta unakotaka wenyewe. Na misuli ya ubavuni ni misuli kama bega: ukiipa uzito mkubwa kila wiki, inanenepa kwenda nje. Ndiyo maana nasema mazoezi yana uwezo mkubwa zaidi wa kukinenepesha kiuno kuliko kukipunguza. Kinachokifanya kionekane chembamba ni mabega na mbawa za mgongo kupanuka juu yake, na mafuta ya mwili mzima kupungua kwa lishe.

Lakini sikubali pia anayesema "ni jeni tu, basi". Mtazameni mtunisha misuli Ronnie Coleman. Aliposhinda Mr. Olympia, shindano kubwa kuliko yote la kutunisha misuli, mwaka 1998 alikuwa na kama kilo 113, kiuno kimekatika. Mwaka 2003 alishinda akiwa na kama kilo 130, na katikati pamejaa waziwazi. Jeni zake hazikubadilika kwa miaka mitano. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mfano wako mmoja nakujibu kwa mmoja. Sergio Oliva alikuwa mnyanyua vyuma wa Cuba, wale wa kurusha chuma juu ya kichwa, kabla ya kutoroka kwenye michezo ya Kingston, Jamaika, mwaka 1962. Miaka na miaka ya kubeba mizigo mizito, na bado alipotwaa Mr. Olympia mwaka 1967 hadi 1969 kiuno chake kilikuwa chembamba ajabu, naye aliitwa The Myth, yaani hekaya. Kama uzito unanenepesha kiuno, mbona chake hakikunenepa? Mimi nimepiga chuma miaka tisa, nyonga zangu ni za baba yangu, na nimeacha kupigana nazo. Ukweli huu ungeambiwa vijana mapema, wasingejichukia kwa kitu wasichoweza kukigusa.

Mchangiaji wa pili

Naongea kama mama wa watoto wawili na mwalimu wa mazoezi wa wanawake. Mnazungumza wanaume watupu, wakati wanaouziwa uongo wa kiuno zaidi ni sisi. Mikanda ya kubana inauzwa kila kona, eti vaa saa nane kwa siku ukate kiuno. Ukiivua, nyama inarudi ilipokuwa, maana mkanda unabana tu, hauyeyushi chochote. Kufunga tumbo kwa kanga baada ya kujifungua ni jambo jingine: mzazi anapata egemeo wakati misuli iliyoachana katikati inarudi, na hakuna bibi aliyetuahidi mfupa mwembamba kwa kanga. Wateja wangu nawafundisha kutoa pumzi yote kisha kunyonya tumbo ndani na kulishikilia. Unafanya kazi ule msuli wa ndani unaozunguka tumbo kama mshipi.

Mchangiaji wa tatu

Dada kagusa penyewe. Frank Zane alitwaa Mr. Olympia 1977, 1978 na 1979 akiwa na kama kilo 84 tu, na pozi lake kubwa lilikuwa hilohilo la kunyonya tumbo mpaka linapotelea chini ya mbavu. Leo wangapi wa daraja la wazi, lisilo na kikomo cha uzito, wanaliweza? Lawama nawapa majaji. Wakizawadia kilo, watu watakula mlima wa chakula na kujidunga homoni ya ukuaji, ambayo ikizidi mwilini hukuza hata viungo vya ndani. Arnold Schwarzenegger mwenyewe alilalamika hadharani mwaka 2015 kwamba miili imekuwa kama chupa.

Mleta mada

Mchangiaji wa kwanza, kwa Oliva nakubali, na kwa kweli ananisaidia: kama chuma kizito hakikumharibu yeye, yule kijana alinyimwa skwati bure. Ila Oliva hakuwa akiinamia dambeli ili kuchonga ubavu, na mfupa wake ulimpa nafasi ambayo wengi hatuna. Nilipaswa kutenganisha skwati na mazoezi ya ubavu tangu mwanzo.

Dada, asante. Suala la kanga sikulifikiria kabisa.

Kuhusu majaji, daraja la Classic Physique liliingia Olympia mwaka 2016 likiwa na kikomo cha uzito kulingana na urefu wa mtu, na ndiko Chris Bumstead alikotwaa mataji sita, 2019 hadi 2024. Kanuni ilibadilika, na miili ikaifuata. Kwa hiyo nauliza wanaoandaa mashindano hapa kwetu: mnapima urefu na uzito, au anayepanda na kilo nyingi ndiye anayeshuka na kombe? Na mliowahi kuacha dambeli za ubavuni, wekeni vipimo vyenu hapa: asubuhi kabla ya kula, usawa wa kitovu, bila kunyonya tumbo.